Zile za Siku Zote: Mwongozo wa Kumbakiza Mzee Wako kwenye Vidonge

Hongera. Kama nyumbani kwako yupo mzee aliyevuka miaka 60, mtaji unao. Labda kwa sasa anameza dawa tatu tu, na ukisikia mama wa jirani anameza tisa unajiona umechelewa. Usikate tamaa. Haba na haba hujaza kibaba, na hakuna kibaba kinachojaa upesi kama kopo la vidonge la mtu mzima anayependwa na watoto wake. Fuata hatua hizi kwa subira, na baada ya miaka michache utakuwa na mzee anayemeza vidonge kumi na viwili kwa siku bila yeyote, hata yeye mwenyewe, kukumbuka kila kimoja kilianza lini, kilianzishwa na nani na kilikuwa cha nini.

Tuelewane jambo moja kwanza. Mwongozo huu hauhusu dawa anazozihitaji kweli. Dawa ya presha ya mtu aliyepimwa akakutwa iko juu, dawa ya kisukari inayofuatiliwa kliniki, hizo zinawaweka watu hai, na kumbakiza mzee kwenye dawa inayomfaa hakuhitaji ustadi wowote. Ustadi ni kumbakiza kwenye ile aliyoandikiwa ya wiki mbili, mwaka ule wa mvua kubwa, na daktari aliyekwisha kuhamishwa kituo.

Hatua ya kwanza: anza na goti

Kazi yote huanzia kwenye goti. Hakuna bibi asiyelalamikia goti au kiuno, na dukani hakuna dawa inayotoka kirahisi kama diklofenaki. Kwa siku chache ni dawa nzuri tu ya maumivu, lakini wewe hukuja hapa kwa ajili ya siku chache. Lengo ni mazungumzo kama haya:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nipe zile zangu za siku zote."

"Za miguu?"

"Hizo hizo. Na zile za kutuliza tumbo."

"Nikupe ngapi?"

"Za elfu mbili."

Umesikia? Kipimo kimepatikana. Hakuna habari ya miligramu wala idadi ya siku. Ni za elfu mbili, na zikiisha za elfu mbili nyingine.

Sasa kaa utazame. Diklofenaki hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, na kemikali hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu kufika vizuri kwenye figo. Mzee akiimeza miezi, tumbo huanza kuchoma, vidonda huweza kutoka damu kimyakimya, presha hupanda na figo huchoka. Kama tayari anatumia dawa ya presha kama enalapril au losartani pamoja na dawa ya kukojoza, kumwongezea diklofenaki juu yake ni mchanganyiko unaowanyima usingizi madaktari wa figo. Na usithubutu kutaja dawa ya kuchua, parasetamo kwa kipimo, au mazoezi mepesi ya kuimarisha misuli ya paja. Mambo hayo hayana biashara ndani yake.

Hatua ya pili: mgeni asipewe jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Omeprazo alikaribishwa kwa sababu tumbo la bibi lilikuwa linawaka. Sasa ana mwaka wa sita mle ndani na jembe hajawahi kuliona.

Kwa matatizo mengi ya tumbo dawa hii huandikwa kwa wiki nne hadi nane. Wapo wanaoihitaji muda mrefu kwa sababu maalumu, mathalani aliyewahi kutokwa damu tumboni na bado analazimika kutumia aspirini ya moyo. Sisi hatuulizi kama kuna sababu. Miaka ikipita, vitamini B12 na magnesiamu huweza kushuka, hatari ya kuvunjika mifupa huongezeka kwa mzee ambaye mifupa yake tayari si ile ya ujana, na tumbo lisilo na asidi ya kutosha hupitisha vijidudu vya kuharisha kwa urahisi zaidi.

Uzuri wa omeprazo ni kwamba inajitetea yenyewe. Mtu aliyeizoea akiacha ghafla, tumbo humwaga asidi kwa kasi kuliko mwanzo, na kifua huwaka kwa siku au hata wiki kadhaa. Hapo ndipo utakaposema kwa uhakika mbele ya ndugu wote: "Mnaona? Hawezi kuishi bila hiyo dawa." Kwamba kiungulia hicho kimeletwa na kuacha kwa pupa, na kwamba kingepungua kama angeshushiwa kidogo kidogo, ni siri ya wafamasia.

Hatua ya tatu: kila dalili mpya iite ugonjwa mpya

Hapa ndipo penye utamu wa kazi. Mwaka 1997, Paula Rochon na Jerry Gurwitz waliandika katika jarida la kitabibu la BMJ kuhusu jambo walilokuwa wanaliona kwa wagonjwa wazee: dawa inaleta dhara, dhara linadhaniwa ni ugonjwa, ugonjwa huo unaandikiwa dawa, na dawa hiyo inaleta dhara lake. Wao waliandika kama onyo. Sisi tutasoma kama mapishi.

Rudi kwa bibi na goti lake. Diklofenaki imempandishia presha. Usiitaje, mpeleke apimwe, arudi na amlodipini. Amlodipini ni dawa nzuri ya presha, ila kwa baadhi ya watu huvimbisha vifundo vya miguu. Miguu ikijaa, usiulize imeanza kujaa lini. Omba dawa ya kutoa maji, furosemidi. Uvimbe wa namna hii hausikii sana furosemidi, kwa kuwa mwili haujazidiwa na maji. Ni mishipa midogo ya miguuni inayovujisha. Lakini kibofu kitasikia. Kama ameandikiwa mara mbili kwa siku, hakikisha kile cha pili anakimeza saa mbili usiku, akishamaliza uji. Ataamka saa tano, ataamka saa nane, ataamka saa kumi.

Asubuhi atasema halali. Mpe valiamu.

Sasa una bibi mwenye valiamu kichwani na furosemidi kwenye kibofu, anayeinuka usiku wa manane kwenda choo cha uani. Umeme umekatika. Ndoo imeachwa mlangoni. Ataanguka, na akianguka mtu wa umri wake huweza kuvunjika nyonga. Akirudi kutoka hospitali atakuwa na maumivu makali, na dawa ya maumivu nyumba nzima inaijua: zile za siku zote.

Hesabu: diklofenaki, omeprazo, amlodipini, furosemidi, valiamu. Ni tano, na tano ndiyo idadi ambayo ikifikiwa wataalamu wengi huanza kuuita mzigo huu wingi wa dawa. Ugonjwa wa kuanzia ulikuwa goti.

Ukishaumudu mduara huu, jaribu mingine. Metoklopramidi ya kichefuchefu, ikiendelezwa, huweza kumtetemesha mzee mikono na kumkakamaza mwili hadi akaandikiwa dawa za ugonjwa wa Parkinson. Haidroklorothiazaidi ya presha huweza kupandisha asidi ya yuriki, kidole gumba cha mguu kikavimba kikawa chekundu, na jirani akashauri diklofenaki. Ukitafuta vizuri, kila njia ina tawi linalorudi kwenye diklofenaki.

Hatua ya nne: usingizi ununuliwe

Valiamu ilianza kuuzwa mwaka 1963 na ikapendwa dunia nzima. Kisheria inataka cheti cha daktari, lakini cheti cha mwaka juzi bado kinasomeka.

Jambo la kufurahisha kwa kazi yetu ni hili: mwili wa mzee huishikilia. Kwa kijana wa miaka 20, mwili hupunguza kiasi cha valiamu hadi nusu kwa takriban saa 20. Kwa mzee wa miaka 80, kazi hiyo hiyo huchukua karibu saa 90. Maana yake kidonge cha Jumatatu bado kimo damuni wakati cha Jumanne, Jumatano na Alhamisi vinaingia. Kufikia Ijumaa, babu anasinzia kwenye kiti saa nne asubuhi, anasahau jina la mjukuu, anayumba akisimama. Dawa za aina hii hukusudiwa kutumika wiki chache tu. Baada ya hapo mwili huzoea, usingizi wenyewe hauji vizuri, ila kuziacha kunakuwa kugumu.

Saidia dawa ifanye kazi yake. Mwache babu alale mchana kutwa kwa kuwa hana la kufanya, mpe chai ya rangi saa tatu usiku, washa televisheni chumbani mwake, kisha ushangae mbona halali.

Hatua ya tano: mtawanye kwa madaktari wengi

Daktari mmoja anayemjua mzee wako ni hatari. Anaweza kukumbuka. Kwa hiyo presha iwe na kliniki yake Jumanne, macho yawe na yake, mifupa iwe na mtaalamu wa mjini, na dharura zote ziende zahanati ya karibu. Kila mahali nunua daftari jipya, na daftari la huku lisifike kule. Mganga wa mitishamba naye asitajwe kwa daktari, maana "hizi ni majani tu".

Faida yake kubwa ni dawa moja kuingia mara mbili. Hospitali ya kwanza imeandika furosemidi, ya pili imeandika Lasix. Ni kitu kile kile, lakini kwenye kopo ni mapacha wasiofanana, na mzee mtiifu atameza wote wawili.

Mfumo nao utakubeba. Mzee ana msamaha wa matibabu na dirisha lake hospitalini, anafika, anaonwa kwa dakika chache kwa sababu foleni imefika getini, anaambiwa aendelee na dawa zilezile. Kuandika "aendelee" ni neno moja. Kupitia dawa kumi na moja kuona ipi iondoke kunataka nusu saa, na nusu saa haipo. Kisha dawa zenyewe nazo dirishani zinakuwa zimeisha, anatumwa akanunue nje, na huko nje ndiko kwenye zile za elfu mbili.

Hatua ya sita: linda kopo, ogopa lebo

Fungua kopo la biskuti la mzee yeyote utajifunza sanaa. Karatasi za vidonge zimekatwa kwa mkasi dukani, kipande chenye jina la dawa kimebaki kwa muuzaji pamoja na tarehe ya kwisha muda wake. Nyumbani kimekuja kipande chenye herufi tatu za katikati. Chini kuna bahasha ndogo za kaki zenye maandishi ya kalamu, 1x3, 2x2, moja ikiwa imelowa chai na ule mkia wa nambari hausomeki. Vidonge viwili vyeupe vimelegea pembeni, vimetoka kwenye pakiti isiyojulikana, na hakuna anayethubutu kuvitupa kwa kuwa dawa ni pesa.

Utaratibu huu ulinde. Usiandike chochote kwenye bahasha. Dawa zilizosimamishwa zirudi humo humo na zinazoendelea, ili siku mzee akijisikia vibaya apate uwanja mpana wa kuchagua. Za marehemu babu nazo ziwekwe, huwezi kujua.

Hatua ya saba: upendo kutoka mbali

Mtoto aliye Muscat au Minnesota hawezi kumwogesha mama, basi anatuma chupa. Chupa ya aspirini ya vidonge 300 ina uzito wa mapenzi, na imeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni ya moyo. Mama hajawahi kupata mshtuko wa moyo wala kiharusi, lakini nani atakataa zawadi ya mwanawe?

Utafiti uitwao ASPREE, uliotoa matokeo mwaka 2018, ulifuatilia wazee zaidi ya 19,000 wa Australia na Marekani waliokuwa hawana ugonjwa wa moyo. Aspirini ndogo ya kila siku haikuwarefushia maisha yenye afya, na waliotokwa na damu vibaya walikuwa wengi zaidi upande wa wanaoimeza. Aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo hesabu yake ni nyingine, na daktari wake ataendelea kumpa. Usimwambie ndugu yako wa Minnesota. Atajisikia vibaya.

Karibu na hapa kuna dawa nyingine ya upendo: deksamethasoni na ndugu yake predinisoloni. Mzee aliyekuwa amekonda akipewa vidonge hivi anakula vizuri, viungo vinaacha kuuma, uso unajaa ukawa mviringo. Ndugu wanaokuja Idi au Krismasi wanasifia: "Mama kanawiri!" Mwacheni anawiri. Sukari inapanda, presha inapanda, ngozi inakuwa nyembamba, mifupa inaisha ndani kwa ndani, na picha ya familia inapendeza.

Hatua ya nane: lolote likitokea, sema ni uzee

Hii ndiyo nguzo ya hatua zote. Piritoni ya mafua, iliyogeuka kuwa ya kila usiku kwa sababu inaleta usingizi, huweza kumkausha mzee kinywa, kumfungia choo, kumzuia mkojo na kumchanganya akili hadi aanze kuongea na watu wasiokuwepo. Sema uzee. Amitriptilini nayo hufanya vivyo hivyo. Sema uzee.

Glibenklamidi ya kisukari inastahili aya yake. Kwa mzee mwenye figo zilizochoka huchelewa kutoka, ikaendelea kushusha sukari hata kama hajala. Akiimeza kwenye daku halafu akafunga kutwa, alasiri utamkuta ametota jasho, anatetemeka, anajibu maneno yasiyoeleweka. Pengine wataitwa wa kumwombea kwanza, kwa sababu amepandwa na kitu. Kipimo cha sukari kingesema ukweli ndani ya sekunde chache, na soda au chai ya sukari, kama bado anaweza kumeza, ingeanza kumrudisha wakati akikimbizwa hospitali. Lakini hayo ni ya watu wasiojua kwamba uzee una mambo yake.

Hatua ya tisa: ukiamua kuacha, acha zote leo

Itafika siku mtu mwenye hasira nyumbani atasema: "Dawa zote hizi za nini? Tupa!" Kama huwezi kumzuia, mwache azitupe zote mara moja, maana hapo ndipo kazi yako itakapolipa kuliko siku zote. Aliyezoea valiamu kwa miaka akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege. Aliyekaa na predinisoloni muda mrefu, tezi zake zimeacha kutengeneza homoni ambayo dawa hiyo inaiiga, naye anaweza kuzirai na hata kufa. Dawa za moyo na presha kama atenolol na propranolol zikikatwa kwa siku moja, moyo wenye ugonjwa huweza kugoma. Madaktari wanaojua kazi hii huondoa dawa moja baada ya nyingine, wakishusha kipimo taratibu na kumtazama mzee kati ya hatua na hatua. Hiyo ndiyo njia ya kuharibu mwongozo mzima.

Watu wa kuwaogopa

Umefanya kazi kubwa, usikubali ivurugwe. Waogope kwanza wenye orodha. Mwaka 1991 daktari wa Kimarekani Mark Beers na wenzake walitoa orodha ya dawa ambazo wazee ni vyema waepushwe nazo, na imekuwa ikihuishwa mara kwa mara hadi toleo la 2023. Humo wamo rafiki zetu karibu wote: valiamu, piritoni, amitriptilini, glibenklamidi, diklofenaki ya muda mrefu, omeprazo ya kupita wiki nane bila sababu. Mwaka 2008 madaktari wa Ireland nao wakatoa zao mbili, STOPP na START, ya kwanza ikiwa na dawa za kusimamisha na ya pili dawa muhimu ambazo mzee amesahaulika kupewa. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mwaka 2017 kampeni yake dhidi ya madhara ya dawa, wingi wa dawa kwa mtu mmoja ukawa miongoni mwa mambo matatu ya kushughulikiwa kwanza.

Muogope mjukuu mwenye kalamu. Huyu atamwaga kopo lote mezani, pamoja na chupa ya Minnesota, majani ya mganga na vile vidonge vya marehemu, atavitia kwenye mfuko mmoja na kumwongoza bibi hadi kwa mfamasia au daktari. Njiani atamuuliza lini alianza kuanguka, na kama ni kabla au baada ya kile kidonge kidogo cha usiku.

Zaidi ya wote, liogope swali atakaloliuliza akifika: "Daktari, kati ya hizi, ipi bado ina kazi na ipi tunaweza kuanza kuipunguza?" Foleni ni ndefu na daktari amechoka, kwa hiyo hatalisema mpaka aulizwe. Muuzaji hapati kitu kwa kuuliza. Mzee haulizi kwa sababu anaheshimu koti jeupe. Nafasi ya kuuliza imebaki kwako peke yako, na ukinyamaza, mwongozo huu utajitekeleza wenyewe bila hata kusomwa.